Stika ya gitaa la umeme inapogoma: dalili, vyanzo na tiba

Stika ya kufunika mwili wa gitaa huja Mombasa ikiwa imekunjwa ndani ya mrija wa karatasi, au huchapishwa papa hapa mjini na mafundi walewale wanaovalisha matatu na tuktuk. Malalamiko yanayofuata hayatofautiani sana: kona zimeachia, malengelenge yametokea, gitaa limeanza kunguruma. Lawama zote huangukia stika. Mara nyingi stika haina kosa. Kosa liko chini yake, kwenye mafuta, unyevu au rangi ambayo imebandikwa juu yake, na ukinunua nyingine ukaibandika palepale, nayo itaachia vilevile.

Tafuta dalili yako hapa chini. Chanzo kinachotokea sana nimekitanguliza, cha nadra kikaja mwisho. Fuata mpangilio huo, usikimbilie hewa moto wakati kitambaa chenye spiriti kingetosha. Ninayoyaeleza ni ya gitaa la umeme lenye mwili mgumu, pamoja na besi. Gitaa kavu liache lilivyo, kwa sababu ubao wake wa juu ndio unaotoa sauti, na ukiufunika plastiki unaizima.

Kabla ya dalili yoyote: rangi iliyo chini ni ipi?

Hapa ndipo panapoweza kukugharimu kuliko kwingine kote. Vinili, plastiki ya stika hizi, ni PVC iliyolainishwa kwa kemikali, na kemikali hizo huhama polepole. Zikikutana na rangi ya nitroselulosi (nitro) huilainisha, ikawa inanata au ikabaki na kivuli cha stika ambacho hakifutiki. Gibson zinazotengenezwa Marekani hupakwa nitro. Epiphone, Squier na magitaa mengi ya bei ya kati hupakwa poli, rangi ngumu isiyojali vinili.

Kama huna hakika, fungua kifuniko cha nyuma. Chovya pamba ya kijiti kwenye asetoni, kisha gusa ukingo ule ambao kifuniko hukalia, mahali pasipoonekana. Rangi ikilainika au ikihamia kwenye pamba, hiyo si poli. Huenda ni nitro, huenda ni rangi ya mkebe aliyoipuliza mwenyewe wa kwanza. Kwa vyovyote, usibandike kitu. Ikiwa stika ilishabandikwa juu ya rangi ya namna hiyo, usiing'oe kwa pupa. Soma kwanza sehemu ya mwisho.

Kingo na kona zinaachia

Dalili hii inaongoza, na chanzo chake kikuu ni mafuta. Mkono wa mpiga gitaa wa Pwani haukosi mafuta ya nazi na jasho, na gitaa lililopigwa miaka miwili mitatu limeyanywa yote mawili, hasa pale juu mkono wa kulia unapoegemea. Ongeza nta za kung'arishia, zile zenye silikoni ndani, na hapo gundi haina pa kushika. Kuhakiki ni rahisi: dondosha maji kidogo kwenye sehemu isiyo na stika. Yakikusanyika kuwa matone ya duara, kuna mafuta. Yakitandaa kama utando mmoja, ni safi.

Osha kwa kitambaa chenye maji na tone la sabuni ya vyombo, ukaushe, kisha pitisha spiriti ya isopropili ya asilimia 70, na ufute kwa kitambaa cha pili kikavu kabla haijajikausha yenyewe. Ukiiacha ijikaushe, mafuta uliyoyayeyusha yanarudi kukaa palepale. Na soma chupa kabla ya kulipa. Baadhi ya spiriti za hospitali huchanganywa na mafuta ya nyonyo ili zisikaushe ngozi, na ukisafishia hiyo, unapaka upya ulichokuwa unakitoa.

Chanzo cha pili ni unyevu, na hapa Mombasa ina tabia yake. Gitaa likitoka chumba chenye AC likaingia kwenye fukuto la nje, linatoka jasho. Kwenye rangi hulioni. Tazama daraja, kile chuma kinachoshika nyuzi mwilini, na vifuniko vya pikapu, vile vidude vya sumaku vilivyo chini ya nyuzi vinavyodaka sauti: chuma kikiwa na ukungu, mwili mzima una ukungu. Wanamuziki wa hotelini wanaijua hali hii, maana chombo hulala kwenye stoo baridi na hupigwa kando ya bwawa. Acha gitaa likae mahali pa kazi mpaka vyuma viwe vikavu kabisa. Vizuri zaidi ni kuanza na kumaliza kwenye chumba kimoja chenye AC, na kuliacha humo usiku kucha. Kama AC haipo, fanya kazi alfajiri. Saa tisa mchana mwezi wa Machi, chini ya mabati, gundi inakuwa na hasira, inang'ang'ania palipogusa kabla hujasogeza stika ikae sawa. Ukiibandua ili urudie, unaivuta, na kilichovutwa kitaachia.

Cha tatu ni mkato. Stika iliyoishia palepale ukingo unapopinda husuguliwa na mkono na shati kila siku. Ikate milimita mbili tatu kabla ya mpindo, au ipindishe mpaka ubavuni. Kona kali zote zizungushe kidogo kwa mkasi, maana kona ya pembe ndiyo hushikwa na nguo kwanza.

Cha nne huwapata wanaochapisha mjini. Wino wa mashine nyingi kubwa za stika una viyeyusho vinavyohitaji muda kutoka, siku moja hadi mbili, kabla ya karatasi kupakwa plastiki ya juu. Mteja akisimama mlangoni akihimiza "nipe leo leo", viyeyusho vinafungiwa ndani, vinashuka kwenye gundi na kuilegeza. Utaijua stika hiyo kwa namna kingo zake zote zinavyojikunja kwa pamoja, hata zisizoguswa na mkono. Dawa yake ni kuchapa upya na kusubiri.

Ukingo ulioachia usiupashe moto tu na kuubonyeza. Gundi yake imeshakusanya vumbi. Uinue mpaka ufikie gundi safi, futa chini yake kwa spiriti, subiri ikauke, pasha kwa blodrai ya saluni, kisha ubonyeze kwa kidole kilichofungwa kitambaa. Gundi ikiwa imegeuka kijivu, kata kipande hicho kwa mstari nadhifu ukiache kiende zake. Kisha kuna ile kauli inayomnyong'onyesha fundi yeyote: "Kaka, nilijaribu supagluu kwanza." Supagluu hula rangi, hukauka ngumu, na siku ya kuitoa hutoka na rangi. Mikebe ya praima ya mafundi wa magari nayo usiitumie hapa. Inashika kweli, lakini gitaa si bodi ya gari.

Malengelenge

Jiulize kwanza yalitokea lini.

Yaliyotokea siku ileile ni hewa, maji au vumbi. Hewa hulainika chini ya kidole na haina kiini. Ichome pembeni kwa sindano nyembamba iliyolazwa, usiichome katikati, kisha isukume hewa kuelekea kitundu kwa kadi ya plastiki iliyovikwa kitambaa. Wembe usitumie, tundu la sindano hujificha, mkato wa wembe hupanuka. Maji husogea yakibonyezwa, na madogo hukauka yenyewe kwa siku kadhaa. Vumbi huwa na ncha ngumu katikati, na halina dawa isipokuwa kuinua stika na kulitoa kwa ncha ya utepe wa gundi. Zima feni kabla ya kuanza. Feni ya darini hupeperusha vumbi lote la chumba lianguke kwenye gundi, na hakuna kitu kinachowashinda watu wa hapa kama kufanya kazi bila feni.

Kuhusu kubandika kwa maji ya sabuni: inafaa kwa stika ya kawaida yenye mgongo laini. Stika yenye mifereji midogo ya kutolea hewa kwenye gundi, ile ambayo mgongo wake una mistari kama wavu, ibandikwe kavu. Maji huziba mifereji hiyo. Na hata pale maji yanaporuhusiwa, yawe ya kunyunyiza tu, na mashimo ya pikapu na ya skrubu yazibwe kwanza kwa utepe wa karatasi. Mbao ikinywa maji kwenye tundu la skrubu huvimba na kupasua rangi kuanzia pale.

Yaliyotokea baada ya siku kadhaa, stika ilipokuwa imekaa vizuri, ni jambo jingine. Hiyo ni gesi. Rangi mpya, hasa iliyopulizwa gereji, huendelea kutoa viyeyusho muda mrefu baada ya kuonekana kavu kwa mkono. Bandika kipande kidogo cha majaribio, kiache usiku kucha, asubuhi kipashe kwa blodrai. Malengelenge yakichomoza, rangi haijakomaa. Bandua, lipe gitaa wiki kadhaa mahali penye hewa, ujaribu tena. Ukiyachoma malengelenge ya gesi leo, kesho yamerudi.

Kwa magitaa ya kuunganisha mwenyewe yanayouzwa na mbao tupu, usibandike moja kwa moja. Mbao tupu hupumua na unyevu wa hapa, na gundi hushika nyuzi za mbao tu, si mbao yenyewe. Paka sila kwanza, ile rangi ya kuziba vinyweleo vya mbao.

Makunyanzi kwenye pembe na kiunoni

Gitaa bapa la mtindo wa Telecaster hufunikika kwa urahisi. Stratocaster ina mteremko wa mkono mbele na wa tumbo nyuma. Les Paul ina uso uliochongwa kama kichuguu, na karatasi bapa haiwezi kukaa juu ya kichuguu bila kunyooshwa mahali au kukunjika mahali.

Usibonyeze kunyanzi. Inua stika mpaka uzipite kunyanzi zote, ipashe ikiwa hewani, utaiona inajinyoosha yenyewe, kisha ishushe ukianzia katikati kwenda nje. Penye pembe, kata mkato mdogo wa kupunguza mvuto kwenye ziada ya nje, usifike kwenye mwili. Ukihisi unavuta kwa nguvu, acha kuvuta, maana stika iliyonyooshwa kupita kiasi hupauka hapo hapo na wiki ijayo hurudi nyuma.

Vinili nzuri ya kufunika, baada ya kukaa, inapaswa kupashwa pale iliponyooshwa ili isahau umbo lake la awali. Watengenezaji hutaja nyuzijoto kati ya 90 na 110. Pima kwa kipimajoto cha kuelekeza cha mafundi. Kile tulichokuwa tukielekezewa kipajini milangoni wakati wa Korona kinaishia nyuzi 40 na ushei, hakifai. Peleka hewa moto mbiombio, usiisimamishe mahali, na usiipeleke kwenye maungio ya shingo iliyogundishwa. Gundi ya mbao hulegea kwa joto la chini ya hilo, na shingo ikicheza, stika itakuwa ndiyo shida ndogo kuliko zote.

Kwa uso uliochongwa, ushauri wangu ni mfupi: mpe fundi wa kuvalisha magari, au funika mgongo tu.

Stika imenywea, mstari wa gundi umebaki pembezoni

Mstari huo hugeuka mweusi kwa uchafu ndani ya muda mfupi. Chanzo karibu kila mara ni aina ya vinili. Ziko mbili. Moja humiminwa ikiwa majimaji na kukaushwa, kwa hiyo hukaa ilivyolazwa. Mfano ni 3M 2080 na Avery SW900. Nyingine, ambayo ndiyo ya mabango, hukandamizwa kati ya rola za moto mpaka iwe karatasi, na maisha yake yote hutaka kurudi ilikotoka. Oracal 651 ni ya kundi hili. Hii ya pili si mbovu. Kwa nembo ndogo bapa inatosha kabisa, na ni nafuu. Kwa kufunika mwili mzima wenye mipindo, itanywea.

Chanzo kingine ni buti ya gari. Gitaa lililofungiwa kwenye gari lililoegeshwa juani Bamburi hupata joto ambalo hata vinili ya kumiminwa hailipendi.

Picha inafubaa au inachubuka

Inachubuka pale kucha au pleki inapopiga: haikupakwa plastiki ya juu. Inafubaa upande mmoja: gitaa hutundikwa mkabala na dirisha. Halina zaidi ya hapo.

Gitaa linanguruma baada ya kuvalishwa

Hapa watu hubishana sana, na wengine huambiwa plastiki "inazuia umeme wa pikapu". Haizuii. Vinili ya kawaida haina athari yoyote kwa sumaku za pikapu. Kilichobadilika ni kile ulichokifungua na kukifunga.

Anza kwa kuzunguka na gitaa mahali uliposimama. Mngurumo ukipanda na kushuka kulingana na unakoelekea, pikapu zinadaka mawimbi ya umeme wa nyumba, taa za mrija na chaja. Pikapu za koili moja zimefanya hivyo tangu zizaliwe. Pengine hukuwahi kusikiliza kwa makini. Kisha shika nyuzi. Mngurumo ukipungua, waya wa ardhi uko sawa. Usipobadilika hata kidogo, au ukiongezeka, nyuzi zimepoteza ardhi.

Kwenye magitaa ya mtindo wa Telecaster, sababu inaonekana kwa macho ukifungua. Inua bamba la daraja. Mara nyingi utaona waya mmoja uliochunwa, umelala kwenye mbao, na hugusana na bamba kwa kubanwa tu. Kama stika imepita chini ya bamba na kuufunika, plastiki yenye unene wa takriban sehemu moja ya kumi ya milimita imetosha kukata mzunguko. Kata dirisha kwenye stika eneo lote la chini ya bamba, kwangua ncha ya waya ing'ae, rudisha. Hewa ya chumvi ya hapa huipaka ncha hiyo kutu ya kijani, kwa hiyo ikwangue hata kama stika haikuigusa. Hakiki kwa mita ya kupimia umeme, ikiwa kwenye kipimo cha mlio, ukiwa umechomoa kebo: ncha moja kwenye daraja, nyingine kwenye ganda la nje la tundu la jeki, pale panapochomekwa kebo. Inapaswa kulia.

Kwenye mtindo wa Stratocaster, waya huo umechomelewa nyuma, kwenye kipande kinachoshika springi. Ukivutwa wakati wa kutoa pikigadi, lile bamba la plastiki la mbele, hukatika. Kama sauti inakuja na kupotea, kaza nati ya jeki, lakini shika jeki kwa ndani isizunguke na waya zake.

Nadra zaidi ni stika za kioo au za rangi ya kromu, ambazo baadhi zina utando wa chuma. Zikigusa ncha za swichi au jeki, hukatisha sauti kabisa. Zikate nyuma kidogo kuzunguka kila tundu.

Simama hapa. Ukihisi msisimko wa umeme kwenye vidole, au midomo ikipigwa ukigusa maikrofoni huku umeshika nyuzi, chomoa amplifaya ukutani na usiliguse gitaa tena. Hilo halihusiani na stika. Ni hitilafu ya ardhi kwenye plagi, soketi, amplifaya au jengo, na umeme wetu ni volti 240. Plagi ya pini mbili iliyoingizwa kwa kusukuma tundu la juu kwa kalamu haina ardhi kabisa. Mwite fundi umeme. Usikate waya wa ardhi wa gitaa eti upone, na usifungue amplifaya. Kapasita zake huweza kubaki na chaji hata baada ya kuchomolewa.

Skrubu haitoki, au nyuzi zimebadilika urefu

Skrubu zilizolala na hewa ya bahari hushika kutu. Tumia bisibisi inayojaa kichwani, na ukiona kichwa kinaanza kulika, acha kulazimisha. Gusisha ncha ya chuma cha kuchomelea kwenye skrubu kwa muda mfupi, iache ipoe, ujaribu tena. Ikivunjika ndani, mpelekee fundi wa magitaa.

Nyuzi zikiwa juu au chini kuliko zamani, angalia kama stika imeingia kwenye mfuko wa shingo au chini ya nguzo za daraja. Isiwepo huko kabisa. Shingo hukaa mbao kwa mbao.

Kuibandua: gundi imebaki, au rangi inainuka

Pasha kwa blodrai mpaka stika iwe moto wa kuvumilika kwa mkono, kisha vuta polepole ukiilaza karibu na uso wa gitaa, usivute kwenda juu. Gundi iliyobaki ipake mafuta ya kupikia, iache robo saa, isugue kwa kitambaa, uoshe kwa sabuni, umalizie na spiriti. Thina na petroli visikaribie.

Rangi ikianza kuinuka pamoja na stika, simama palepale ulipofika. Shusha kipande ulichoinua, kibonyeze, na lipeleke gitaa lilivyo kwa fundi wa rangi za vyombo vya muziki au samani anayejua nitro na poli. Fanya hivyohivyo kama uso chini ya stika unanata ukiugusa na hauachi kunata baada ya kufutwa: hiyo ni rangi iliyolainishwa na PVC, si gundi, na spiriti itaizidishia. Lilaze gitaa mahali pakavu bila kulifunika kitambaa, maana nyuzi za kitambaa zitaganda humo, na mweleze fundi stika ilikaa muda gani.